Mteja wako hayumo kwenye picha: jibu kwa mpiga picha wa harusi wa Mtwara anayeingia gazetini

Swali limetoka kwa msomaji wa Chikongola, Mtwara Mjini. Kwa kifupi, ni dada aliyekuwa akipiga picha za harusi, vipaimara na mahafali. Ana stashahada ya uandishi wa habari iliyolala kabatini, na sasa gazeti moja la Dar es Salaam limemwambia aanze kulipelekea picha kama mwandishi wa kujitegemea. "Shikamoo kaka," anaandika. "Wananiambia leo kuna mnada, kesho mechi, keshokutwa kiongozi anakuja, mara ajali imetokea. Kila kazi ina mambo yake. Nijiandaeje kwa zote hizo, ninunue nini, na je, harusi niache?"

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na vifaa, maana najua ndiko moyo ulikokwenda, kisha tuachane navyo. Kamera inayopiga harusi vizuri inatosha gazeti. Unahitaji lenzi ya karibu, milimita 24-70, au hata 50 ya f/1.8 (tundu pana la kuingiza mwanga) kama hali ni ngumu, na nyingine ya kuvuta mbali, 70-200. Hiyo ya pili waweza kuitafuta ya mtumba, ilimradi uijaribu kwanza kabla hujatoa pesa. Kitakachobaki kiende kwenye betri za akiba, kadi ndogo mbili tatu badala ya moja kubwa, na mfuko mzito wa plastiki unaofungika. Usikope kununua bodi mpya ya kamera. Karatasi ya gazeti inakunywa wino na kufifisha kila kitu, na hakuna msomaji atakayejua umetumia kamera ya mwaka gani.

Kinachobadilika ni mteja. Harusini anayekulipa yumo ndani ya picha. Anajijua, anamjua shangazi yake aliyesimama nyuma, anataka apendeze, na asipopendeza utasikia. Gazetini mteja wako ni mtu wa Kigoma au Tanga aliyeinama kwenye meza ya magazeti. Hajawahi kufika Mtwara, hamjui yeyote kwenye picha hiyo na hana wa kumuuliza. Karibu yote nitakayokuambia yanatokana na hapo. Ukilishika hilo, utaona kwamba kazi unazoziona nyingi na tofauti ni kazi moja inayobadilisha mahali.

Chukua mnada wa korosho, ndio utakaotumwa mara nyingi kuanzia Oktoba. Utaalikwa na chama kikuu cha ushirika: MAMCU kwa upande wa Mtwara na Masasi, TANECU ukipanda Newala na Tandahimba. Mnada unafanyika kwenye eneo la chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, aghalabu chini ya miti au pembeni ya ghala. Zamani zabuni zilikuwa za karatasi na zilifunguliwa mbele ya wakulima. Siku hizi wanunuzi wanashindana kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX, na wakulima wanafuatilia bei kwenye skrini. Mpiga picha mgeni hufanya nini? Anapiga meza kuu, anapiga skrini, anapiga magunia yaliyopangwa, anamaliza soda yake na kuondoka.

Picha iko kwenye zile dakika bei ya juu na bei ya chini zinaposomwa, kabla wakulima hawajaulizwa kama wanauza au hawauzi. Kaa mbele, skrini uipe mgongo, watazame wao. Yupo atakayekuwa anapiga hesabu kwa vidole juu ya goti: kilo zake, atoe makato, atoe deni la pembejeo, kinachobaki akigawe kwa ada za watoto. Wapo wazee wawili watakaotazamana bila kusema kitu. Na mara nyingi guno la kwanza hutoka nyuma, kwa akina mama, kabla ya yule mwenye kipaza sauti hajamaliza sentensi. Ukiwa umeelekeza lenzi kwenye skrini, hayo yote yamekupita.

Msimu wa 2018 wakulima walizigomea bei za minada ya mwanzo. Novemba mwaka huo Serikali ikatangaza itazinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaingia kusomba mzigo. Malori ni rahisi kupiga, ni makubwa na yanajipanga barabarani yenyewe. Kigumu kilikuwa kupiga kusubiri, wiki zile za watu kwenda na kurudi kuulizia malipo. Ujizoeze kupiga kusubiri, maana habari nyingi za mikoa yetu ni habari za watu wanaosubiri kitu.

Kuna jambo la jua ambalo vitabu vya wenzetu wa nchi za baridi havitakuambia. Mtwara tuko takriban nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, na moja ya nyakati hizo ni karibu na tarehe 20 Oktoba, minada inapoanza. Saa sita mchana kofia inafunika uso wote na macho yanakuwa mashimo meusi. Wapige wakiwa kivulini, au tumia flashi kidogo hata kama watu watakushangaa kuwasha taa mchana. Upimaji wa mwanga utazame usoni, usiuachie kanzu. Hili unalijua tayari kutokana na shela: kamera ikiona nyeupe nyingi inadhani kuna mwanga wa kupita kiasi, inatia giza, na uso wa mtu mweusi unazama. Ongeza mwanga kwa hatua moja, kanzu ikiungua kidogo kwa weupe si neno.

Ukishapiga, usiondoke bila daftari. Hapa ndipo wapiga picha wa harusi wanapokwama, kwa sababu hawajawahi kuhitaji jina la mtu. Maelezo ya picha kama "Baadhi ya wakulima wakiwa kwenye mnada wa korosho mkoani Mtwara" yanaweza kuchapwa mwaka wowote, na mhariri atayatupa au atayachapa bila furaha. Andika hivi: mkulima fulani, jina kamili, wa kijiji fulani wilayani Tandahimba, akipiga hesabu ya kilo zake baada ya bei kutangazwa katika mnada wa kwanza wa msimu, jana. Kisha sentensi moja: wakulima walikubali kuuza, au walikataa. Mpe mtu daftari aandike jina lake mwenyewe, au mrekodi akilitamka herufi kwa herufi. Majina ya Kimakonde, Kimakua na Kiyao yatavurugwa Dar usipoyaandika sawasawa, na mtu akivurugiwa jina gazetini hakusamehi, wala kijiji chake. Kulia na kushoto ni kwa mtazamaji wa picha, si kwa aliyepigwa. Na mwambie picha inakwenda gazeti gani. Ni haki yake kujua, na pia ndiye atakayekupigia simu siku ghala likiungua.

Kiongozi akija, mambo ni mengine lakini ugumu uko palepale. Ratiba imeandikwa na wenye shughuli, kila kitu kimepangwa kikupendeze: utepe, jiwe la msingi, mfano wa hundi mkubwa kama mlango. Piga hivyo kwanza, haraka, usijifanye fundi wa kukataa. Mhariri anahitaji picha ya akiba na kuna siku ndiyo itakayotoka. Baada ya hapo tembea. Kama kinachozinduliwa ni kisima, nenda kwenye ndoo. Kama ni wodi, waombe ruhusa uone kitanda. Wewe ni mwanamke, na hilo litakufungulia milango ambayo sisi tunaishia barazani: wodi ya wazazi, chumba cha akina mama wa vikoba, jiko la shughuli. Litumie bila aibu.

Kwa ziara za kitaifa fika mapema kuliko unavyodhani inafaa. Mbio za Mwenge wa Uhuru za 2023 zilizinduliwa hapa hapa, Uwanja wa Nangwanda Sijaona, tarehe 1 Aprili, na Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango. Siku kama hiyo kamera inakaguliwa, mnatengewa sehemu, na ukishasimama hapo hutembei. Lenzi ya mbali ndiyo siku yake. Usibishane na watu wa usalama. Muulize ofisa habari wa mkoa siku moja kabla mtasimama upande gani, ujue jua litakuwa wapi.

Mpira nitaupitia haraka, unajifunza kwa kupiga mechi. Kasi ya shata, yaani pazia la kamera, isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde mwanga ukiruhusu, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iache ipande, chembechembe kwenye picha ni afadhali kuliko ukungu. Kaa nyuma ya mstari wa goli, kando ya kibendera cha kona, upande inakoshambulia timu ya nyumbani, maana ndiyo shangwe msomaji wa kusini atakayoitaka. Ndanda ilipokuwa Ligi Kuu, jukwaa la Nangwanda lilikuwa na picha nyingi kuliko uwanja wenyewe, na ukienda Ruangwa kwenye mechi ya Namungo utayaona hayo hayo. Goli likiingia usitazame skrini ya kamera. Wengi huinama kuhakikisha wamelipata goli, na mfungaji anapita mbele yao akilia. Jambo moja zaidi: andika dakika ya goli na namba ya mgongoni papo hapo.

Bandari, mitambo ya gesi na viwanda: usiende kubahatisha. Bandari ya Mtwara, msimu wa korosho au makaa ya mawe ya Ruvuma yanapopakiwa, ina picha nzuri kuliko sehemu yoyote ya mji, lakini ni eneo lenye ulinzi. Andika barua kwa Mamlaka ya Bandari mapema, nenda na viatu vilivyofunikwa, watakuvisha kofia ngumu na kizibao. Mtambo wa gesi wa Madimba na maeneo ya bomba ni vivyo hivyo, tena zaidi. Droni usiirushe popote bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Nimeona vijana wakinyang'anywa kamera kwa sababu ya picha ya geti ambayo hakuna gazeti lingeichapa.

Upo na uwezekano wa siku mbaya. Waliokuwepo Mei 2013, ghasia za kupinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam zilipolipuka, wanajua mji huu mtulivu unaweza kubadilika kati ya chai ya asubuhi na mchana. Siku kama hiyo ujue njia ya kutokea kabla ya kuinua kamera, usisimame katikati ya pande mbili, usiende peke yako, na mtu mmoja nyumbani ajue uko mtaa gani. Kitambulisho kikae shingoni, hata kama kuna nyakati itabidi ukifiche. Septemba 2, 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kijijini Nyololo, Iringa, akiwa kazini mbele ya askari. Sikuambii ili uogope. Nakuambia ili mhariri akikwambia "sogea karibu kidogo," ujue unaruhusiwa kusema hapana.

Ajali ndiyo itakayokuja bila taarifa, mara nyingi barabara ya Masasi au ya Lindi. Piga gari, piga barabara, piga waokoaji, piga viatu kama vimebaki. Uso wa marehemu usiupige kwa kisingizio kwamba mhariri ataamua, kwa sababu picha ikishakuwa kwenye simu inasambaa kabla ndugu hawajapigiwa. Majina yatoke kwa polisi au hospitali, yasitoke kwa mpita njia. Majeruhi aliyelala hospitali ya Ligula hawezi kukupa ruhusa akiwa hajitambui, na muuguzi hawezi kuitoa kwa niaba yake. Mtoto aliyefanyiwa ukatili au aliyefikishwa mahakamani, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakukataza kumtambulisha. Na kumtambulisha si uso tu: sare ya shule, mlango wa nyumba, bibi aliyekaa naye, vyote vinamtaja.

Kuna na vitu ambavyo si vya kupigwa ingawa hakuna askari anayekuzuia. Sindimba ikichezwa uwanjani piga mpaka kadi ijae, tena shusha kasi ya shata hadi 1/60 ili viuno na vumbi vionekane vinakwenda. Lakini ya ndani ya jando na unyago yabaki ndani. Unyagoni utaalikwa kwa sababu ni mwanamke na pengine ni wa kwenu. Nenda kama mtoto wa nyumbani, kamera iache kwenu. Mwali akitoka, akivishwa na kuchezwa mbele ya watu wote, hapo omba kwa mama yake na somo wake.

Jambo litakalokusumbua kuliko yote ni mkono wako wenyewe, uliozoea kupanga. Harusini unamwambia bwana inua kidevu, bibi tabasamu, wapambe sogeeni. Gazetini usimpange mtu. Hundi inakabidhiwa kwa pozi, sawa, ile ni shughuli ya pozi yenyewe na kila msomaji anajua. Lakini usimwambie mkulima ashike kichwa, usimwambie mama mvuvi amwage maji tena kwa sababu lenzi ilikuwa haijafokasi. Na ukifika kwenye kompyuta, kata pembeni, sawazisha mwanga, basi. Usimng'arishe mtu ngozi. Usifute waya wa umeme. Usitumie picha ya zamani kwa habari mpya. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipotabiriwa, watu wa mabondeni na ufukweni Mtwara waliambiwa wahame, kisha kikaenda kutua Cabo Delgado, Msumbiji. Mitandaoni zilijaa picha za mawimbi ya bahari nyingine kabisa. Picha ya kweli ya Mtwara siku ile ilikuwa watu na magodoro yao wakisaka sehemu ya juu, na bahari ya kawaida nyuma yao. Inaonekana haina kishindo, lakini ndiyo iliyotokea.

Vifaa kidogo tena, kwa sababu ya huku kwetu. Kati ya Mei na Julai mikorosho inapulizwa salfa, na vumbi lile la njano linaingia kila tundu. Ukienda kuipiga, vaa barakoa, kamera iwe ndani ya ule mfuko wa plastiki, toboa tundu la lenzi ulizungushie mpira, na usibadilishe lenzi hadi urudi. Ukitoka Feri au kwenye kivuko cha Msangamkuu, futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi kisha kikavu, chumvi haingoji kesho. Ukitoka ofisi yenye kiyoyozi kwenda nje, iache kamera ndani ya begi kidogo ipate joto, la sivyo lenzi itapiga ukungu wakati mgeni rasmi anashuka kwenye gari.

Kutuma: ukituma picha kwa WhatsApp kama picha, inabanwa na kuharibika. Itume kama dokumenti, au kwa barua pepe, na maelezo yaandikwe ndani ya faili lenyewe ili yasipotee njiani. Picha nne au tano zinatosha. Ukituma arobaini unamwambia mhariri akufanyie kazi yako. Kurasa nyingi za ndani hufungwa mapema jioni, kwa hiyo picha ya wastani saa tisa ina thamani kuliko nzuri sana saa mbili usiku.

Kuhusu pesa nitasema wazi. Malipo kwa picha ni madogo na yanachelewa. Kabla hujatuma ya kwanza, pata kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu: wanalipa kiasi gani kwa picha, wanalipa lini, nauli ya Newala ni ya nani, jina lako litakaa chini ya picha, na wakiiuza kwa mwingine wewe unapata nini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda, lakini ni rahisi kulindwa ukiwa na karatasi. Bahasha za wenye shughuli zitakuja. Nauli iliyotangazwa kwa waandishi wote, mezani, na unasaini, ni suala lako na gazeti lako, liulize. Ile inayokufuata kwenye gari na maneno "utuangalie vizuri" irudishe hapo hapo, kwa upole, maana anayekupa atataka kuwa mteja wako, na nimeshakuambia mteja wako ni nani.

Stashahada itoe kabatini. Chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 unatakiwa uwe na ithibati, na Bodi ya Ithibati huangalia elimu kuanzia ngazi hiyo. Omba kitambulisho sasa, usisubiri siku unayokihitaji getini. Jiunge pia na klabu ya waandishi ya mkoa. Taarifa za shughuli nyingi zinapita huko, na usafiri wa kugawana hadi Masasi au Nanyumbu unapatikana huko.

Harusi usiache. Ndiyo itakayolipa kodi ya nyumba wakati gazeti linatafuta hati yako ya malipo. Ila badilisha makubaliano yako na wateja: andika kwamba utakuja na msaidizi mwenye kamera ya pili, na mfundishe huyo msaidizi mpaka aweze kumaliza shughuli peke yake. Simu ya mhariri haichagui Jumamosi, na bibi harusi hatakuelewa ukimwambia kuna lori limepinduka Mikindani.